Nilimwombea mama yake mahali pema peponi

Habari ilinifikia usiku, nikiwa nimesimama mlangoni na funguo mkononi. Mama wa rafiki yangu amefariki, baada ya kuugua miezi minane. Sikungoja hata kuingia ndani. Niliandika pale pale, kwa kidole gumba kimoja: "Pole sana dada yangu. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Amina."

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaanza tena. Akaacha. Nikaingia, nikavua viatu, nikaketi gizani nikikodolea macho kioo cha simu.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: "Asante dada. Najua umeandika kwa upendo. Ila mama hayuko peponi. Amelala. Tutamwona asubuhi ile."

Hakuwa amekasirika, namjua. Angekasirika ningeomba radhi, yakaisha. Kwa kuwa alijibu kwa upole, maneno yake yamenikaa kifuani wiki saba sasa.

Yeye ni Msabato, mimi nimelelewa Mlutheri. Tumejuana miaka 15. Tumeshabishana juu ya Jumamosi na Jumapili mpaka tukachoka, tumeimba pamoja kwenye harusi, tumeombeana wakati wa shida. Hatujawahi kuulizana wafu wako wapi.

Mpaka alipokufa mtu.

## Maneno manane

Sentensi ile nimeituma mara nyingi kiasi kwamba simu yangu inaimalizia yenyewe. Usiku ule niliisoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayekagua mzigo aliopewa aubebe bila kuambiwa ndani mna nini.

"Ailaze." Hapo kuna usingizi, na usingizi ndio wanaoufundisha Wasabato: aliyekufa hajui lolote, hana habari na yanayoendelea, mpaka Kristo atakaporudi na kumwita. "Roho." Hapo kuna kitu kinachotoka mwilini na kuendelea kuishi peke yake, jambo ambalo rafiki yangu halikubali hata kidogo. Kwao mtu hana nafsi iliyofichwa ndani yake, mtu mwenyewe ndiye nafsi. Pumzi ikikata, hakuna sehemu yake inayobaki hai pembeni. "Peponi." Basi safari imekwisha, amefika leo hii. Na ule mwanzo wenyewe, "Mungu ailaze", ni ombi. Tunamwombea mtu ambaye ameshakufa, na mwalimu wangu wa kipaimara alitukataza hilo kwa ukali.

Kwa pole moja nilikuwa nimemtumia mfiwa mafundisho ambayo makanisa yamegombana juu yake kwa karne nyingi, na hata moja sikuwa nimelichagua.

Nilidhani natuma faraja.

## Kalamu ya risasi

Bibi mzaa mama alikuwa Mkatoliki mpaka mwisho. Kitabu chake cha sala kiko kwangu, jalada limeachia, limeshikiliwa na uzi. Kurasa tupu za mwisho alizijaza majina ya wafu wake, na kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, alikuwa akiyasoma moja baada ya jingine huku kidole kikiteremka. Jina la babu limeandikwa kwa wino wa bluu na mkono wenye nguvu. Ya chini herufi zinatetemeka.

Mstari mmoja hauna jina. Umeandikwa kwa kalamu ya risasi: mtoto.

Ni mzaliwa wake wa kwanza. Aliishi siku mbili, akafa kabla ya kubatizwa. Kwa karne nyingi wanateolojia wa kanisa lake walisema watoto wa namna hiyo wako limbo, mahali pasipo mateso lakini pasipo pia kumwona Mungu uso kwa uso. Halikuwahi kufanywa fundisho rasmi la imani, lakini lilifundishwa, na akina mama wengi waliambiwa hivyo wakiwa bado wana maziwa kifuani. Mwaka 2007 tume ya kimataifa ya teolojia iliyo chini ya Vatican ilitoa waraka uliosema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Bibi hakuishi mpaka kuusoma. Yeye alikuwa ameshamwandika mtoto wake katikati ya watu wazima na kumwombea kama wao.

Nilipokuwa na miaka 14, na kipaimara kikiwa moto kichwani, nilimwambia bibi kwamba toharani, mahali pa kutakaswa baada ya kufa, haimo katika Biblia. Ni kweli haimo kwa jina. Mtaguso wa Firenze, mkutano mkuu wa maaskofu, uliiweka wazi mwaka 1439, ule wa Trento ukaithibitisha mwaka 1563, na andiko linaloegemewa zaidi, lile la Yuda Makabayo kutoa mchango kwa ajili ya askari waliokufa, liko katika kitabu ambacho Biblia yangu haina. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya mwanangu. Nishikie miwani," akaendelea na majina.

Kwa miaka mingi nilidhani alinishindwa kwa hoja. Baadaye nilikuja kujua kwamba Waorthodoksi nao huwaombea wafu kwa bidii ilhali moto wa toharani wameukataa. Huko Firenze, askofu wao Marko wa Efeso alikataa kutia sahihi hati ya umoja na Wakatoliki hata wenzake walipokubali. Kumbe mtu anaweza kuwaombea wafu bila kuwa na ramani ya huko waliko. Sikuwahi kuwaza hilo. Nilidhani ramani ndiyo inayotangulia.

## Baba ananiona

Sasa niseme lile ambalo lilinikosesha usingizi hasa.

Baba yangu alifariki miaka sita iliyopita. Huwa nazungumza naye. Si maombi, na wala sitegemei jibu. Ni kama kumsogezea mtu kiti. Nikipata kazi namwambia. Nikikosea namwona anavyotikisa kichwa. Nimeishi miaka hii sita nikiamini, bila kuifikiria sana, kwamba kuna mahali fulani baba yuko macho na anaifuata habari yangu.

Rafiki yangu alipoandika "amelala" alikuwa anasema habari za mama yake tu. Mimi nilisikia: baba yako hakusikii.

Nilichukua Biblia kutafuta namna ya kumpinga. Hiyo ndiyo kweli. Sikwenda kutafuta nuru, nilikwenda kutafuta silaha. Na kitu cha kwanza nilichokutana nacho kilikuwa Mhubiri 9:5: "lakini wafu hawajui neno lo lote." Nikasema Mhubiri ana uchungu wake, twende kwa Yesu. Yesu anamwambia Martha kwamba ndugu yake Lazaro atafufuka, na kabla ya hapo amewaambia wanafunzi kwamba Lazaro amelala na anakwenda kumwamsha. Hamwambii Martha kwamba kaka yake yuko mahali pazuri. Anauliza wamemweka wapi, na Yohana anaandika sentensi fupi sana: "Yesu akalia machozi."

Halafu Lazaro anatoka. Amekaa kaburini siku nne. Mtu pekee kijijini ambaye angeweza kulimaliza swali langu yuko pale, anafunguliwa sanda, na Injili haituletei hata neno moja lake. Nilikaa na ukimya ule muda mrefu. Ama hakuwa na la kusimulia, kama anavyoamini rafiki yangu, ama alikuwa nalo na Yohana akaona halituhusu. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili linaloniuma zaidi.

## Alama ya mkato

Bila shaka nilikwenda kwa mwizi msalabani. Kila anayebishana juu ya jambo hili hufika hapo. "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Leo. Nikadhani nimepata.

Rafiki yangu analijua andiko hilo kuliko mimi. Luka aliandika Kigiriki, na katika maandishi ya kale ya Kigiriki hapakuwa na alama za mkato kama zetu. Ukiiweka alama kabla ya "leo", mwizi anaingia peponi siku ile ile. Ukiisogeza baada ya "leo", Yesu anasema: nakuambia leo hii, utakuwa pamoja nami, bila kutaja lini. Wasabato na Mashahidi wa Yehova wanaisoma hivyo. Wafasiri wengi wanaiweka kabla, nami naona wana sababu, kwa kuwa "amin, nakuambia" ni msemo wa Yesu unaojirudia na kwingine hauna haja ya kuongezewa "leo". Paulo naye anawaandikia Wafilipi kwamba anatamani kuondoka akakae na Kristo, na kwamba hilo ni bora zaidi. Mtu hatamani hivyo usingizi usio na habari.

Au pengine hutamani. Hapo ndipo nilipoanza kuyumba.

Maana aliyelala fofofo hahesabu saa. Anafumba macho, anafumbua, kumekucha. Kama ndivyo, Paulo aliyekufa karibu miaka elfu mbili iliyopita na yule aliyekufa jana watafumbua macho bila kuona urefu wa usiku, na "leo" ya mwizi inakuwa leo kweli, kwake yeye. Niligundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba hata Luther alipenda kuiongelea mauti namna hiyo. Aliwahi kuhubiri kwamba atalala mpaka Kristo aje abishe hodi kwenye kaburi lake dogo na kumwambia, Daktari Martin, amka. Mahali pengine alisema roho za wafu ziko hai mbele za Mungu. Hakulifunga jambo hilo upande mmoja. Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa kanisa, ndiye aliyeliona la hatari, hata kitabu chake cha kwanza cha teolojia, alichokiandika mwaka 1534, kilikuwa cha kuwapinga waliosema roho hulala.

Na usidhani Wakatoliki hawakuyumba. Papa Yohane wa 22, akiwa Avignon mwaka 1331, alianza kuhubiri kwamba watakatifu hawamwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya mwisho. Mzee wa miaka zaidi ya 80, mkuu wa kanisa, akapingwa na wanateolojia wake mwenyewe. Alikana maneno hayo kitandani mwezi Desemba 1334, akafa siku iliyofuata. Mrithi wake akatoa hati mwaka 1336 kusema kwamba waliotakaswa wanamwona Mungu mara baada ya kufa. Namfikiria yule mzee jioni yake ya mwisho. Kesho yake alikuwa anakwenda kujua.

## "Shangazi, nilidhani mmeondoka"

Kaka yangu aliokoka miaka kumi iliyopita, na kanisani kwake hawahangaiki sana na usingizi wala toharani. Wao wanangoja unyakuo. Kristo atakuja kwa siri, atawachukua walio wake, kisha dunia itaingia katika miaka saba ya dhiki kuu. Kaka ana chati ndefu ya mambo hayo ukutani, yenye mishale na rangi.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amelala mchana, nasi tukatoka wote nyuma ya nyumba kumsaidia jirani kusukuma gari. Hatukukaa dakika kumi. Tuliporudi tulimkuta amesimama sebuleni bila viatu, anatetemeka, ameshika mlango wa chumba cha mama yake kwa mikono miwili. Alipoona uso wangu alikuja akanikumbatia kiunoni.

"Shangazi, nilidhani mmeondoka. Nilidhani mmenyakuliwa mkaniacha."

Kaka alimbeba, akamtuliza, akaomba naye. Ni baba mzuri. Lakini niliona usoni mwake kwamba naye kimempata kitu.

Mimi hapa siwezi kujifanya sina upande. Fundisho la unyakuo wa siri kabla ya dhiki, kwa mpangilio ule wa chati, lilianza kuenezwa miaka ya 1830 na John Nelson Darby, mhubiri Mwingereza-Mairishi aliyekuwa ameacha kanisa la Anglikana, na likasambaa sana kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Upya peke yake hauthibitishi kosa, kwa kuwa uprotestanti wangu nao uliwahi kuwa mpya. Kinachonisumbua ni kwamba mtoto wa miaka tisa akiamka katika nyumba yenye ukimya, jambo la kwanza analowaza juu ya Yesu ni kwamba amemwacha.

Andiko lenyewe liko katika 1 Wathesalonike 4, na ukilisoma kuanzia juu utaona limeandikwa kwa ajili ya wafiwa. Watu walikuwa wamefiwa, wakaogopa kwamba wapendwa wao watakosa kuwapo Bwana atakaporudi. Paulo anawajibu: hawatakosa, tena wao watafufuliwa kwanza. Kisha sisi tulio hai "tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu, ili tumlaki Bwana hewani." Na anamalizia, "Basi, farijianeni kwa maneno hayo."

Tazama neno lililochaguliwa na wafasiri wetu. Kumlaki. Mgeni unayemlaki humfuati akuhamishie kwake. Unatoka nyumbani, unakwenda mpaka njiani, unampokea mzigo, unarudi naye. Neno la Kigiriki lililo hapo ndilo lililotumiwa kwa wale wanawali waliotoka na taa kumlaki bwana arusi, na kwa ndugu wa Rumi waliotoka mjini kumlaki Paulo barabarani, kisha wakaingia naye. Kiswahili kimelihifadhi jambo ambalo chati ya kaka imelipoteza. Na mwisho wa Ufunuo mji mtakatifu unashuka. Unakuja huku.

Nilimwonyesha kaka. Alisoma, akanyamaza, akasema atalifikiria. Hajaiondoa chati, ila nimeambiwa mtoto halali tena peke yake mchana.

## Walioungoja usiku

Sitaki kuandika sana juu ya tarehe, maana zimeandikwa mno. Lakini moja ilinigusa kwa sababu ya rafiki yangu.

Kanisa lake lilizaliwa katika kilio. William Miller, mkulima Mbaptisti wa Marekani, alikuwa amekokotoa siku 2,300 za Danieli 8:14, kila siku akiihesabu kuwa mwaka, na wafuasi wake wakafikia tarehe 22 Oktoba 1844. Walikuwa maelfu. Wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna. Wakangoja usiku kucha, na kulipokucha hakuna aliyekuja. Wengi wakaacha imani. Wachache wakarudi kwenye Maandiko wakiwa na macho mekundu kuuliza walikosea wapi, na kati ya hao, kufikia mwaka 1863, likasimama kanisa la Waadventista Wasabato.

Zamani niliposikia habari hiyo niliona kosa la hesabu. Siku hizi nawaona watu waliotamani mno kuwaona tena wafu wao. Enzi zile nyumba nyingi zilikuwa zimezika mtoto. Yesu alishasema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake, na walilijua andiko hilo kama tunavyolijua sisi. Walikuwa wamechoka kungoja.

## Aliyerehemiwa

Kuna pole moja ambayo sikuwahi kuiandika vizuri. Mjomba wangu aliiacha imani akiwa kijana, akafa hivyo hivyo, akiwa mtu mwema kuliko waumini wengi ninaowajua. Kwenye mazishi mhubiri aliizungumzia jehanamu dakika arobaini, mbele ya watoto wa marehemu. Tulitoka pale tukiwa hatuwezi kutazamana.

Jehanamu ni jina lililotokana na bonde la Hinomu, kando ya Yerusalemu. Kuzimu ni kitu kingine, ni makao ya wafu wote, wema kwa waovu, katika Agano la Kale. Mhubiri yule aliyachanganya kama wengi wanavyoyachanganya. Wapo wanaoamini mateso ya waliopotea hayana mwisho, na hoja ya Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, ina uzito: Mathayo 25 inataja "milele" kwa adhabu na kwa uzima, huwezi kufupisha moja ukabakiza nyingine. Wapo wanaosema waovu wataangamizwa, wasiwepo tena. Ndivyo wanavyofundisha Wasabato, na hata John Stott, Mwanglikana aliyeheshimiwa mno, aliandika mwaka 1988 kwamba anaelekea huko. Wanamtaja Yesu mwenyewe anayemwonya mtu juu ya awezaye "kuangamiza mwili na roho pia katika jehanum." Na Gregori, askofu wa Nisa katika karne ya 4, alitumaini kwamba mwishowe wote watarejeshwa. Tumaini kama hilo kwa Origene, mwalimu wa kanisa aliyemtangulia, lililaaniwa, Gregori akabaki mtakatifu.

Sijui mjomba yuko wapi. Naogopa wanaojua.

Ila siku moja nilisimama kwenye neno "marehemu". Limetoka Kiarabu, na maana yake ni aliyerehemiwa, aliyekwisha kupata rehema. Tunamwita hivyo kila aliyekufa, bila kuuliza kanisa lake wala mwenendo wake. Mhubiri yule alitamka "marehemu" mara nyingi kadiri alivyotamka "jehanamu", katika hotuba ile ile, juu ya mtu yule yule. Kinywa chake kilikuwa kimeshamwombea mjomba rehema ambayo hotuba yake ilimnyima.

## Yustino

Kilichonigeuza hasa kilitoka kwa mtu aliyeishi karne ya 2. Yustino Mfiadini, karibu mwaka 160, anaandika mahojiano yake na Myahudi aitwaye Trifo. Trifo anamwuliza kama kweli anaamini Yerusalemu itajengwa upya na Kristo kutawala pale. Yustino anasema ndiyo, yeye na wengi wanaamini hivyo, miaka elfu. Kisha anaongeza kwamba wako wengine wengi wenye imani safi, Wakristo wa kweli, wasioona hivyo.

Karibu miaka 1,900 iliyopita, na tayari ilikuwa hivyo. Miaka elfu hiyo imetajwa mara sita, zote katika sura moja, Ufunuo 20. Kaka yangu anaitegemea hapa duniani, rafiki yangu anaamini watakatifu wataimalizia mbinguni huku dunia ikiwa tupu, bibi alifundishwa na kanisa lililomfuata Augustino kwamba ndiyo hii tuliyomo, na ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530 linawakataa wanaongoja ufalme wa watakatifu duniani kabla ya ufufuo. Yustino angeketi nao wote mezani.

Lakini sentensi inayofuata ilinichoma. Anamwonya Trifo kwamba akikutana na watu wanaojiita Wakristo lakini wanasema hakuna ufufuo wa wafu, kwamba wakifa tu roho zao zinachukuliwa mbinguni, asiwahesabu kuwa Wakristo.

Nilisoma mara mbili. Roho inatoka, inakwenda juu, imekwisha. Hiyo ndiyo imani niliyokuwa naishi nayo, haijalishi nilichokuwa nakiri kila ibada. Sikuwahi kuukana ufufuo, sikuwa na kazi nao tu. Baba alikuwa ameshafika, ananiona. Afufuke ili iweje?

Nikarudi kwenye neno "kiyama". Ukilitaja leo mtu anawaza moto, jua kupasuka, mbingu kukunjwa. Asili yake kwa Kiarabu ni kuinuka, kusimama wima. Biblia yetu ya zamani inalitumia hivyo: Masadukayo ni watu wasemao hakuna kiyama. Siku ya kiyama ni siku ya watu kusimama. Baba alikuwa na goti bovu la kushoto, miaka yake ya mwisho alikuwa akiinuka kwenye kiti kwa hatua tatu, mkono kwenye meza kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike nilimfikiria akisimama.

## Nilimpigia

Wiki iliyopita nilimpigia rafiki yangu. Nilimwambia nimeshindwa kumpinga na nimeshindwa kumkubali. Bado naamini baba yuko na Kristo kwa namna fulani, lakini sina tena uhakika kwamba ananitazama, na sihitaji tena kumlazimisha awe macho kwa ajili yangu.

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema kitu ambacho hakuna kitabu kilichowahi kuniambia.

"Dada, mama aliteseka miezi minane. Usiku wa mwisho alikuwa ananiomba msamaha kwa kunichosha. Nikiamini yuko juu anatuona, basi anamwona mdogo wangu anavyolia kila siku, na anaona hawezi kumshika. Siwezi kumfanyia hivyo. Mwache alale. Amechoka."

Sikuwa nimewahi kuliona kama rehema. Nililiona kama shimo.

Tulikaa kwenye simu bila kusema kitu. Kisha nikamwambia habari za kitabu cha bibi, majina yake, na ule mstari wa kalamu ya risasi. Nikamwuliza kama ningeweza kuandika jina la mama yake pale.

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Usiandike sala," akasema. "Andika jina tu."

Nikatafuta kalamu ya risasi. Alikuwa bado kwenye simu nilipokuwa naandika, akinitajia herufi, maana mama yake alikuwa na jina ambalo watu hulikosea.